Kaka Hataki Kuhama Simu

4 Februari

Kaka,

Shikamoo. Huku hatujambo, ukiacha mkono wa shemeji yako ambao bado uko kwenye plasta. Kazini, huku kufulia nguo za hospitali, mashine ya kukamulia imekufa tena, kwa hiyo mashuka ya wodi nzima tunayakamua kwa mikono, watu wazima wanne kwenye shuka moja kama tunavutana kamba. Sauti imenikauka kwa kuwapigia wenzangu kelele, maana mashine zilizobaki zinanguruma utadhani zinalipwa kwa ngurumo. Mpwa wako amepata leseni ya udereva. Alifaulu mara ya tatu, lakini usimwambie nimekuambia.

Sasa shauri lenyewe. Baba alituzoesha salamu kwa mdomo, shauri kwa karatasi, na mimi desturi hiyo sijaiacha. Hata ningetaka kukueleza kwa simu, kwako simu ni pambo. Hupokei. Ukipokea, ni "sawa, sawa, haya." Mwezi uliopita nilikupigia kukuambia shemeji yako ameanguka ngazini na mkono umevunjika. Ukajibu, "Hongera sana, mfikishie salamu." Mwenyewe alicheka mpaka plasta ikamuuma. Mimi sikucheka.

Mpwa wako amehamia aifoni, akamhamisha baba yake, akanihamisha na mimi. Amebaki nani? Wewe na hiyo androidi yako yenye kioo kilichopasuka. Tumekutafutia aifoni, si mpya kabisa lakini haina hata mkwaruzo. Mwenzangu wa kazini atapita huko mwezi ujao, nataka kumpa akuletee. Tukiwa wote upande mmoja, familia inakuwa kitu kimoja. Tutaonana, tutatumiana picha, na mambo mengine ya aina hiyo.

Nijibu upesi. Na uniambie: unakula vizuri? Ufunguo wa duka siku hizi unauweka wapi? Na yule paka wetu wa utotoni tulimwita nani vile? Jina limenitoka.

Mdogo wako,
Chiriku


27 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Marahaba, na pole kwa mashuka ya kuvutana. Mpe shemeji pole yangu, na umwambie ile hongera ilikuwa ya mtandao mbovu. Huku mtandao umekuwa wa ovyo, sauti zinakuja vipande vipande. Mimi ni mzima. Duka lipo, saa mbovu zinaingia, nzima zinatoka. Jirani yangu kinyozi ameongeza kiti cha pili, sasa mashine zake za kunyolea zinafanya kazi kutwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, na yeye anajiita mkurugenzi.

Paka aliitwa Waziri, kwa sababu hakufanya kazi yoyote na alikula wa kwanza. Umesahauje? Ufunguo uko mfukoni, ulipokuwa tangu nianze kuvaa suruali. Maswali gani haya, wewe umekuwa karani wa sensa?

Kuhusu simu nakushukuru, lakini hapana. Kwanza, vidole vyangu vimeijua hii. Nikiamka gizani naiwasha bila kutazama. Pili, nitahitaji waya mwingine wa kuchajia na mimi waya mmoja tu unanishinda. Tatu, wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mbachao wangu una kioo kilichopasuka lakini unanitosha.

Muulize mpwa wangu jambo moja, kwa kutaka kujua tu. Kwenye androidi kuna programu ya bure ambayo unaiwekea saa karibu na simu, simu inasikiliza inavyogonga, halafu inachora vinukta kwenye kioo. Vikipanda, saa inakimbia, vikishuka, inachelewa, vikienda sambamba, imekaa sawa. Aliyeitengeneza ni mzee mmoja wa mbali huko, na nadhani aliitengenezea androidi peke yake. Je, upande wenu ipo? Siihitaji sana. Fundi halisi anatumia sikio.

Kaka yako,
Fundi


18 Machi

Kaka,

Shikamoo tena. Mkono wa shemeji yako umetolewa plasta, umekonda kama wa mtoto, na mwenyewe anautumia kama kisingizio cha kutoosha vyombo. Mashine ya kukamulia imetengenezwa na imekufa tena siku hiyo hiyo. Tunajikaza kisabuni.

Waziri! Nilifurahi mno ulipomkumbuka, hata shemeji yako akauliza nacheka nini na karatasi.

Sababu zako tatu nimezisoma mara mbili na hakuna hata moja yenye miguu. Waya unakuja na simu. Vidole vitazoea, mbona vyangu vimezoea na vimejaa sabuni? Na mpwa wako anasema programu za kusikiliza saa zipo hata huku, zipo mpaka za kusikiliza mbwa, mjomba asitafute njia ya kukimbilia. Kaka, sikio la kufa halisikii dawa. Sikuombi kitu kikubwa. Tangu wifi yangu atangulie unaishi peke yako, na mimi niko mbali, na kuna mambo ambayo mtu akiwa upande huu anaweza kuyaona na akiwa upande ule hawezi. Siwezi kuyaeleza yote hapa.

Simu nimeshampa mwenzangu. Ndani ya boksi kuna maelekezo ya mpwa wako kwa mwandiko wake. Yafuate hatua kwa hatua, hasa ile ya mwisho ya kuniruhusu mimi. Usiulize kuniruhusu nini, bonyeza tu. Nifanyie hilo, nami sitakuomba lingine mwaka huu.

Chiriku


20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, na hiyo "sisi" ni mimi na kinyozi.

Mwenzako amefika na boksi, mtu mstaarabu, tumeongea vizuri. Hewala haigombi. Nimehama. Nilikaa na maelekezo Jumapili nzima: nikaziweka simu mbili ubavu kwa ubavu, zikatazamana, majina yakahama, picha zikahama, hata ujumbe wako wa kunilaumu ukahama wote bila kupungua. Nilichokipakia mwenyewe kwenye ile ya zamani hakikuja, lakini nimeona humu kuna kingine kinachofanana. Nikabonyeza na hiyo ya mwisho ya kukuruhusu.

Ile ya zamani nimeifuta nikampa kinyozi, apigie muziki dukani kwake. Mtu mmoja na simu mbili ni sawa na mume mwenye nyumba mbili, atajibu vibaya kotekote.

Kioo cha hii ni kizuri. Picha yako ukiwa na kofia ya kazini imetoka safi, umezeeka kidogo. Nimepunguza kazi, nachukua saa za ukutani zaidi na za mkono chache. Kwa hiari yangu. Usinipigie wiki hii, nina kazi nyingi.

Fundi


9 Mei

Kaka yangu,

Leo salamu zitanisamehe, nitaanza na shauri.

Unaandika umepunguza kazi, halafu mstari unaofuata una kazi nyingi. Na Alhamisi iliyopita nilikuona. Ile hatua ya mwisho uliyobonyeza ndiyo hiyo: simu yako inanionyesha ulipo kwenye ramani, nukta moja ya buluu. Ndiyo maana nilitaka uhame. Picha na mengine yote nilikuwa nakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa tu, sikutaka ujue.

Alhamisi mchana nukta ilitoka dukani saa ambayo hufungi duka. Nikasema labda amekwenda nyumbani kula. Ikafika nyumbani kwako, ikapita. Ikaendelea na barabara mpaka mwisho wa mtaa, ikavuka kwenye matangi ya maji, ikasimama mahali ambapo ramani haina hata jina. Ikakaa hapo. Nikapiga, hukupokea. Nikapiga tena. Nilikuwa chumba cha kupigia pasi, nikawaacha wenzangu na rundo la mashuka nikaenda kukaa chooni na simu mkononi. Jioni ndipo ikarudi polepole mpaka nyumbani.

Mama alianza hivyo hivyo. Unakumbuka? Ukimwambia hili, anajibu lile, kwa tabasamu, ili usijue kuwa hakushika ulichosema. Halafu akaanza kupitiliza nyumba. Siku aliyoniuliza mimi ni binti wa nani, wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu, na ukanishika bega.

Kwa hiyo ulipompa mtu aliyevunjika mkono hongera, sikulala. Nikakutungia mitihani, ya ufunguo na ya paka. Ya paka ulifaulu nikapumua, lakini kwenye simu unafeli kila siku. Naogopa, Kaka. Sitaki kuogopa peke yangu tena. Niambie ukweli, kama unauona mwenyewe. Nimeomba likizo. Nikipata jibu lako baya nakuja, na nisipopata jibu nakuja pia.

Chiriku wako


10 Mei

Mdogo wangu,

Natumai nyote hamjambo. Mimi sijambo mwilini. Nina jambo la kusema, na nimechana karatasi mbili kabla ya hii.

Sisikii.

Si kwamba sisikii kabisa. Ni mwaka wa pili sasa. Walianza kuondoka ndege wa asubuhi, nikadhani wamehama. Kisha zikaondoka saa za mkono, moja baada ya nyingine, zile ndogo za kike kwanza. Kisha sauti kwenye simu. Yako, ambayo zamani ilivuka kuta, sasa inanifikia kama mtu anayeongea amejifunika blanketi. Nasema "sawa, sawa" kwa sababu mara nyingi ndilo jibu. Kumbe siku ya shemeji silo, na hongera nayo silo.

Mtandao wetu hauna tatizo lolote. Nimeusingizia na wenyewe hauwezi kujitetea.

Nani anampelekea saa fundi asiyeisikia? Ni sawa na mpishi asiyeonja. Ile programu ya mzee wa mbali ndiyo ilikuwa sikio langu. Mteja akiwepo naiweka saa sikioni, natikisa kichwa kama zamani. Akiondoka naiweka kwenye simu na kutazama vinukta. Niliizoea mpaka nikawa najua ugonjwa wa saa kwa kutazama. Hakuna aliyejua. Ulipotaka nihame, nilikuwa naihama riziki yangu, na sikuweza kukuambia.

Katika hii mpya nikapakia nyingine inayofanana. Haina ubaya, mimi ndiye sikuijua. Wiki iliyopita mwalimu mkuu mstaafu aliniletea saa yake, ile aliyopewa na wanafunzi alipoaga. Nikaisafisha, nikaifunga, nikaiweka kwenye simu. Mstari ukatokea umenyooka kama rula. Nikampa, nikamwambia, "Mwalimu, hii sasa itakuzika." Alhamisi akarudi. Akaiweka mezani taratibu, akasema, na nilimsoma mdomoni, "Fundi, bado haijaanza kutembea."

Saa ilikuwa imekufa. Simu ilikuwa inasikiliza mashine za kinyozi kupitia ukuta wa mbao. Nilimpimia mteja mashine ya kunyolea, mdogo wangu, nikaisifia kuwa imekaa sawa.

Mwalimu hakunilaumu. Angenilaumu ningepona. Nilifunga duka nikatembea, nikapita nyumbani, nikaenda kukaa kule nyuma ya matangi mpaka jua likaisha nguvu. Ulinipigia, niliona kioo kikiwaka. Ningepokea nikuambie nini?

Sasa umejua. Kama utaona aibu kuwa na kaka fundi saa kiziwi, sema pole pole, sitasikia.

Kaka yako


24 Mei

Kaka, Kaka, Kaka!

Shikamoo mara mia! Barua zetu zimepishana njiani. Sasa hivi utakuwa umeipata yangu, na kama hujaipata, basi ikifika isome kisha uichome, aibu yangu nayo iishie hapo.

Yako nimeisomea mlangoni mwa chumba cha kufulia. Nilipofika kwenye "sisikii" nilirudi nikaisoma upya, nikaketi juu ya kapu la mashuka machafu, nikalia kwa sauti. Wenzangu wakazima mashine wakidhani nimefiwa. Nikawaambia, "Kaka yangu hanisikii!" Nikaanza kucheka. Wakatazamana. Mmoja akaenda kuniletea maji.

Ni masikio tu! Unaelewa nilichokuwa nimebeba? Kila usiku nilikuwa nakuzika ungali hai. Nilishaamua chumba utakacholala, nilishaanza kufikiria siku utakayoniuliza mimi ni binti wa nani. Kiziwi nitamwandikia mpaka wino uishe duniani. Lakini asiyenijua ningemwandikia nini?

Mficha maradhi kifo humuumbua, ila wewe umeumbuliwa na mashine ya kunyolea. Shemeji yako nimemsomea kipande hicho akapaliwa na chai. Kisha akaweka kikombe chini, akasema, "Na sisi tukamnyang'anya sikio lake, tukampa simu ya picha." Hilo limenichoma, kwa sababu ni kweli. Ulikataa mara ya kwanza na ulikuwa na sababu. Nilikuburuza bila kukuuliza kwa upole. Nisamehe.

Sasa nakuamuru, mimi mdogo wako, na ukibisha nakuja na likizo yangu nikukokote. Nenda kwa daktari wa masikio. Kliniki ya masikio ya hapa hospitalini ninawafulia mashuka, nimewauliza. Wamesema mara nyingi kuna vifaa vidogo vinavyokaa nyuma ya sikio na watu wanarudi kusikia vizuri tu. Mwende wewe na kinyozi, ili wa kusikia maelekezo awepo. Simu amua mwenyewe, aifoni, androidi, hata ukitaka kupiga ngoma. Sina neno tena.

Dada yako aliyepona


29 Juni

Chiriku,

Marahaba, marahaba. Ile yako ya tarehe tisa niliisoma nikiwa nimesimama, nikamaliza nimekaa. Sikuichoma. Nilikuwa naficha masikio, kumbe unanililia akili. Tulivyo hodari wa kufichana, tungefanya kazi ya magendo.

Habari za huku: nilikwenda. Kinyozi alifunga duka lake, mkurugenzi mzima, tukaenda naye. Nilimweleza njiani, kwa kujikunja kama mtu anayekiri kosa. Akasimama katikati ya barabara, akanionyesha ngumi yake. "Fundi, unadhani kwa nini nikikuita nagonga ukuta hivi? Mtaa mzima tunajua. Tulikuwa tunakungoja wewe ujue." Miaka miwili nimeigiza mbele ya watu walioshaisoma hadithi mpaka mwisho.

Daktari ni mama mmoja mwenye subira. Alinifungia kwenye kichumba, akanipigia milio, akasema mishipa imechoka lakini haijafa. Wiki ya pili nikarudi kuvishwa vifaa. Vidogo, vimejificha nyuma ya sikio kama kipande cha penseli ya seremala. Kitu cha kwanza nilichosikia kilikuwa suruali yangu mwenyewe, nikitembea inapiga kelele kama karatasi. Nilidhani imechanika.

Halafu nikafungua mlango wa duka. Chiriku, zilikuwa zinaongea zote. Za ukutani, za mezani, na ile ndogo ya mkono ya mke wa muuza dawa. Sikuzigusa. Nilikaa kwenye stuli yangu nikazisikiliza, kisha nikavivua vifaa nipumzike, kwa maana nimekuwa mgeni wa kelele, kisha nikavivaa tena. Saa ya mwalimu niliitengeneza upya na kumpelekea nyumbani mwenyewe. Alinikaribisha ndani, hatukuitaja ile siku.

Sasa simu. Nimeamua, na safari hii nimeamua nikijua ninachoamua. Kinyozi amenirudishia androidi yangu, ameipakia tena ile programu, na ninaitumia ingawa nasikia, kwa sababu jicho limeshazoea kusaidia. Vifaa vya masikio vinaongea na simu ya upande wowote, daktari amenihakikishia. Aifoni yenu nimeifunga vizuri kwenye boksi lake, namrudishia mpwa wangu na busu. Ni simu nzuri, ila mimi si wake. Mpwa anasema hata kwenye androidi mnaweza kunifuata kwenye ramani. Najua. Sitaki. Ukitaka kujua nilipo, niulize.

Jumapili saa nne asubuhi duka litakuwa limefungwa na kinyozi atakuwa amelala. Piga.

Fundi


12 Julai

Kaka,

Shikamoo. Wote wazima. Boksi limefika salama na mpwa wako amekwisha kumpa baba yake, aliyeipasua ya kwake kwa ule mkono aliosema hauna nguvu. Mashine ya kukamulia imeletwa mpya kabisa, ina kelele mara mbili ya ile iliyokufa.

Sina shauri safari hii. Naandika tu kwa sababu tangu ile Jumapili sijatulia, nataka iwe kwenye karatasi.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilijifungia chumbani, nikavuta pumzi, na ulipopokea nikakuamkia kwa sauti ile ya kazini, ya kuvuka mashine sita. Shemeji yako anasema majirani waliitikia. Hukuitikia marahaba. Nikasema basi, mambo ni yale yale, atanijibu sawa, sawa.

Ukasema, "Punguza sauti wewe, unaniumiza masikio."

Kaka, tangu nizaliwe umenigombeza mara nyingi na kila mara nilinuna. Mara hii nilicheka nimejiziba mdomo kwa mto. Ukauliza kama nipo. Nikasema nipo, taratibu kabisa, karibu kunong'ona, nawe ukasema, "Haya, hivyo. Sasa niambie, mkono wa shemeji unaendeleaje?"

Mdogo wako,
Chiriku